Mama, Usinyanyuke

Wageni wangu wakishuka garini pale Ziwa Bogoria, Baringo, jambo la kwanza wanalofanya ni kuziba pua. Wanasema ziwa linanuka mayai viza. Mimi sizibi. Navuta pumzi mpaka chini ya kifua, na hasira inapanda pamoja nayo, ileile, haijapoa, kama maji yale yanayochemka kati ya mawe bila mtu kuyawashia moto.

Nitawaeleza ilikotoka. Nawaandikia ninyi wa rika langu, hasa mliokulia Dubai mkiwa na wazazi waliovaa yunifomu za watu wengine. Ninyi mliolala katika vyumba vya Karama vilivyogawanywa kwa mbao nyepesi, mkajua nani anakoroma na nani analia upande wa pili. Nawaandikia nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Nilifika Kenya nikiwa msichana asiyejua kumenya kiazi wala kusalimia wazee kwa Kitugen. Leo nina diploma ya utalii niliyojisomesha mwenyewe, nina magari ya kubebea wageni yenye jina langu ubavuni, na Mama anaishi katika nyumba ya mawe niliyomjengea mimi. Si mume, si kaka, si harambee. Mimi. Nasema haya mapema ili mtu asidhani nalia. Silii. Nimekasirika.

Baba alikuwa mpishi hotelini, na ndiyo maana tulikubaliwa kuishi naye kule. Mama alikuwa yaya wa kutwa katika nyumba moja ya Rashidiya. Kila asubuhi alipanda metro mpaka kituo cha mwisho, akatembea juani, akafika kabla watoto wa mtaa ule hawajaamka. Mwenye nyumba tulimwita madam. Jina alikuwa nalo, ila sikuwahi kulisikia kinywani mwa Mama. Alikuwa mdogo kwa Mama kwa miaka mingi, mrembo, mwepesi wa kucheka, na biashara yake ilikuwa kuwauzia safari watu wenye pesa. Aliuza Japani, lakini si ile ya Tokyo.

"Tokyo kila mtu ameshaenda," alikuwa akisema kwenye simu huku Mama akimlisha mwanawe. "Mimi nawapa Japani ambayo Wajapani wenyewe wameisahau."

Mwanawe, Zizi, alikuwa wa umri wangu. Shule zikifungwa Mama alinichukua, tukacheza kwenye sakafu ya marumaru iliyokuwa baridi kama tumbo la friji. Zizi alikuwa amekijua Kiswahili kwa Mama tangu akiwa wa kubebwa. Alisema "sitaki bana" na "nikune mgongo" vizuri kuliko binamu zangu wa Nairobi. Basi madam alipopanga kwenda kukagua miji midogo ya huko Japani kabla hajaanza kuiuza, na yaya akiwa lazima aende, Zizi alijitupa sakafuni akasema bila Chebet haendi popote.

Madam alicheka. "Haya, naye aje. Utamchezesha," akaniambia kwa Kiingereza.

Mimi nilisikia kwamba nimealikwa.

Karama nzima ilijua. Upande wa pili wa mbao zetu alikaa Auntie Nakato, Mganda, mlinzi wa mlango katika duka kubwa, mwanamke ambaye hakuwahi kusema jambo kwa sauti ya chini. Alinipa glavu zake za sufu, ambazo hatukujua Dubai alizinunua za nini.

"Banange! Chebet anaenda Japani na mimi ninafungulia watu mlango," alisema. "Sikia, mtoto. Wakikupa nyoka, kula. Lakini usituletee hapa."

"Hawali nyoka, Auntie."

"Umekwenda lini ukajua?"

Mama alikuwa akikunja sweta zake mbili. Nilimuuliza kama amefurahi, akasema, "Kazi ni kazi, hata ikipanda ndege." Nilidhani anaringa. Nilidhani hivyo ndivyo watu wakubwa wanavyoficha furaha.

Pasipoti zetu zote zilikaa ndani ya mkoba wa madam, pamoja na zake. Nililiona hilo nikafikiri: sisi ni familia moja.

Tulitelemka mbali na miji mikubwa, upande wa bahari ambao hupigwa na theluji. Kituo cha kwanza kilikuwa matuta ya mchanga. Nawaapia. Tulitoka Dubai, tukaruka usiku na mchana, tukapanda treni juu ya treni, ili tufike mahali penye mchanga, na juu ya mchanga, wakiwa wamefunikwa mablanketi ya rangi, ngamia. Zizi alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Chebet," alimwambia Mama kwa Kiswahili, "tumerudi nyumbani!"

Mama naye alicheka, akaficha kinywa kwa kiganja. Madam hakucheka. Alisimama pale na simu yake iliyotayarishwa kupiga picha, upepo ukimchapa nywele usoni. Alikuwa ametoka mbali kutafuta kitu cha kuwauzia watu wa jangwani, na jangwa lilikuwa limemtangulia. Siku ile yote alitusemesha kwa neno moja tu la Kiarabu la kuharakisha: yalla. Yalla, vaeni. Yalla, ingieni.

Kutoka hapo tulipanda milimani kwa treni ya behewa moja. Sijasahau chochote cha treni ile. Mlango ulifunguliwa na abiria mwenyewe kwa kubonyeza kitufe, na dereva ndiye aliyepokea tiketi, akivua kofia kwa kila anayeshuka, hata kwangu. Nje, miti ya matunda haikuwa na jani hata moja, lakini kwenye vibaraza matunda ya rangi ya chungwa yalikuwa yametundikwa kwa kamba kama shanga, yanakaushwa. Theluji ilikuwa imelala juu ya kila kitu bila kelele. Kwenye kituo kisicho na mtu kulikuwa na mashine ya kuuzia vinywaji, na Mama alitununulia supu ya mahindi ndani ya mkebe, moto, tukaishika kwa zamu kama kifaranga. Mahindi! Mama alikunywa tone la mwisho, akautikisa mkebe kusikia kama kuna punje iliyobaki.

Mlango wa treni ulipofunguka kijijini, harufu ilitupiga. Zizi akabana pua. Mimi pia. Nilidhani mtu ameangusha trei zima la mayai yaliyooza. Lakini Mama alisimama palepale kwenye theluji, begi la madam begani na begi la Zizi mkononi, akafumba macho.

"Chebet," akasema, "hapa kunanuka kwetu."

Sikuwa nimewahi kufika kwao. Mimi nilizaliwa Dubai. Kwetu, kwangu, kulinuka viyoyozi na vitunguu vya jirani. Lakini njiani kwenda kwenye nyumba ya wageni alinisimulia, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia Rashidiya, jinsi wakiwa wasichana walivyoshuka ziwani na mayai na mahindi mabichi ndani ya wavu, wakayatumbukiza kwenye maji yanayoruka, na jinsi mvuke ulivyoacha chumvi kwenye nyusi. Na kweli, katikati ya kijiji kile palikuwa na kisima cha mawe kinachofoka, na wanawake wamechuchumaa wakichemsha mayai ndani ya wavu.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mmoja wao, bibi mfupi mwenye mashavu mekundu kwa baridi. Hakujua Kiingereza, na Mama hakujua Kijapani. Mama alipiga magoti kando yake, akamshika mkono kwa mikono yote miwili kama anavyosalimia wakubwa, kisha akanyoosha kidole kwenye mayai, akajionyesha kifuani, akaonyesha mbali, mbali sana, nyuma ya milima. Bibi alimtazama. Akaelewa. Sijui alielewa nini, ila alitoa yai moja, akalipasua kwenye jiwe, akalimenya, akampa Mama nusu na nusu akala yeye. Walikaa kwenye mvuke ule wakitafuna, wanawake wawili wenye mvi, huku madam akiwa ameshatangulia ndani kutafuta mtandao.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Jioni tuliitwa kula. Chumba kilitandikwa mikeka minene inayonukia majani makavu, hakuna viti. Ukuta wa ndani ulikuwa na kidaka kikubwa, kimo cha mtu, na ndani yake picha ndefu ya mlima imetundikwa, na chini yake chungu chenye tawi moja la maua mekundu. Kila mtu alikuwa na sinia lake lenye miguu mifupi na mto bapa wa kukalia. Mto mmoja ulikuwa mnene kuliko mingine, na uliwekwa peke yake mbele ya kidaka, mahali ambapo anayekaa anakiona chumba chote na chumba chote kinamwona yeye pamoja na ua na mlima.

Leo najua. Nimesomea, nina cheti chenye muhuri. Kwa Wajapani pahali pale mbele ya kidaka ni pa mtu mkubwa kuliko wote waliomo. Bibi alikuwa amewatazama wageni wake, akamwona mmoja mwenye mvi, anayesalimia kwa magoti, ambaye watoto wote wawili wanamshika sketi. Alijuaje ni nani anayelipa? Na hata angejua! Alimshika Mama kiwiko, akampeleka mpaka kwenye mto mnene, akaupigapiga.

Mama aliangalia nyuma kumtafuta madam. Madam alikuwa hajafika. Bibi akaupigapiga tena. Mama akakaa.

Nilimtazama mama yangu. Alikuwa amevaa joho la pamba la nyumba ile ambalo wageni wote hupewa, na mgongo wake ulikuwa umenyooka, na lile tawi jekundu lilikuwa juu ya bega lake. Mbele yake, kaa mzima wa baharini, mwekundu, miguu imepangwa kama vijiti. Mama wa Baringo, na yule mdudu. Alimkazia macho kama anayesubiri kuumwa.

Na mimi, mtoto, nikaelewa kila kitu vibaya. Nilidhani wamemtambua. Nilidhani Mama ni mtu mkubwa ambaye habari zake zilifichwa Dubai, na kwamba huku mbali, kwa watu wa theluji wenye harufu ya kwetu, habari zilikuwa zimefika. Nilijivuna mpaka masikio yakawaka.

Madam aliingia na simu mkononi. Akasimama. Kisha akacheka kile kicheko chake chepesi.

"Hapana, hapana," akamwambia bibi kwa Kiingereza. "Huyu ni yaya."

Bibi aliinama, akatabasamu, akamwonyesha madam mto mwingine, karibu na mlango.

Madam aliutazama mto ule, na kicheko kikakauka. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alimwambia Mama kwa upole, kama anayemwomba mtu asogeze mkoba: "Nahitaji picha ya pale. Chukua watoto mkale kwenye kile chumba kidogo."

"Mama, usinyanyuke!" nilisema kwa Kiswahili.

Mama aliweka viganja magotini.

"Mama, ni pako! Wamekuweka wao! Usinyanyuke!"

Na Zizi, Mungu ambariki popote alipo, Zizi ambaye Kiswahili alikinywa pamoja na maziwa ya chupa, akamgeukia mama yake akamtafsiria. "Anasema asinyanyuke. Anasema ni pake. Ni pake kweli, Mummy, bibi amempa."

Nilimwona madam akijua kwa mara ya kwanza kwamba kulikuwa na lugha nzima ndani ya nyumba yake ambayo yeye hakuwemo.

"Nani amekufundisha hayo?" akamuuliza mwanawe, lakini alikuwa akimtazama Mama.

Mama alinyanyuka. Hakuharakisha. Aliinama, akalishika sinia lake kwa mikono miwili, kaa wake na bakuli zake zote juu, akalibeba. Hakuacha hata mguu mmoja wa kaa. Bibi alishtuka, alifikiri amekosea yeye, amempa mgeni mahali penye upepo labda. Akaukwapua ule mto mnene, akamfuata Mama nao mpaka chumba kidogo, akauweka chini akamkalisha tena juu yake. Kisha akakaa naye. Akamvunjia kaa, mguu baada ya mguu, akamtolea nyama kwa kijiti, na Mama akala, huku machozi yangu yakinidondokea kwenye wali.

Upande wa pili wa mlango wa karatasi tulimsikia madam akijipiga picha. Alikalia mkeka mtupu.

"Kwa nini umenyanyuka?" nilimuuliza Mama tulipokuwa tukioga kwenye maji yale ya moto, mvuke umetufunika mpaka tulionana kwa sauti tu.

"Walikosea, Chebet."

"Hawakukosea."

"Sugua shingo."

Tuliporudi Dubai, madam alimwambia Mama kwamba mimi nisije tena Rashidiya. Hakueleza. Alisema khalas, yamekwisha, akapangusa mikono. Zizi sikumwona tena. Na Mama, hili ndilo lililonichoma kuliko yote, Mama aliendelea kwenda. Kesho yake alfajiri alivaa viatu vilevile akaenda kupanda metro. Nilimzibia mlango nikamwambia asiende kwa mtu aliyemnyanyua. Auntie Nakato aliyekuwa akitoka zamu alinisogeza kwa goti.

"Mpishe mama yako apite."

"Japani yeye ni mkubwa!" nilisema. "Walimpa pahali pa mkubwa!"

"Sawa, mkubwa. Na hapa kodi ya nyumba inalipwa na Wajapani?"

Nilishikilia hadithi yangu hata hivyo. Niliwasimulia watoto wa shule, wale wa Al Nahda na wale wa Karama, kwamba mama yangu ni chifu katika kijiji cha theluji. Msomali mmoja akaniuliza mbona basi anafua nguo za watu. Nilimpiga na chupa ya maji.

Miezi baadaye Mama alikuja na kipeperushi cha madam, karatasi nzito inayong'aa, amekitumia kufungia mkate. Kilikuwa na picha ile: kidaka, mlima, tawi jekundu, madam katikati akitabasamu. Juu yake iliandikwa kwamba katika kijiji hiki mgeni hupokewa kama malkia. Nilikisoma mpaka mwisho. Mama alikuwa akikata mkate.

Mnataka kujua hasira hii imenifanyia nini? Imenisomesha. Kila mtihani niliofanya wa diploma ile niliufanya nikimwona madam amekaa kwenye mkeka mtupu. Nikafungua kampuni yangu, na kampuni yangu ina sheria moja kabla ya zote: pale Bogoria tunapokula, kiti cha kwanza cha kukunja kinachofunguliwa ni cha yaya. Kinatazama ziwa. Wageni wakiuliza, nawaambia ndivyo ilivyo. Wengi huenda kwenye viti vilivyobaki. Wengine husifu, wakapiga picha.

Juzi nilipeleka familia moja ya Nairobi. Yaya wao alikuwa mwanamke wa makamo, mtoto mgongoni. Nilimfungulia kiti, nikampa sahani, mayai mawili yaliyochemshwa ziwani juu yake. Akakaa. Mwenye mtoto akaja kutoka kutazama flamingo, akaona.

"Ah, yeye atakula garini," akasema. "Mtoto asipigwe na huu moshi."

"Kwangu hakuna anayekula garini," nikasema.

"Samahani?"

"Umesikia."

Maji yalikuwa yakichemka nyuma yetu. Nilimgeukia yaya, na nikasikia sauti yangu ikitoka ndogo, ya zamani. "Mama, usinyanyuke."

Alinitazama bila chuki. "Asante, dada," akasema, chinichini ili nisikie mimi peke yangu. "Lakini wewe jioni utaenda zako."

Akanyanyuka. Akaenda garini.

Niliendesha kurudi nikiwa sioni barabara. Magari yote haya, muhuri wote ule, na nilikuwa nimesimama palepale kwenye mkeka, nikilia kwenye wali. Niliingia kwa Mama nikamkuta kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, na lile sofa nililomnunulia limekaa tupu kama kawaida. Nilimpa mayai niliyomletea kutoka ziwani, bado yana joto. Nikamwambia yote, kwa sauti kubwa.

Alilipasua yai moja kwenye ukingo wa kigoda, akaanza kulimenya.

"Sahani aliiacha?" akauliza.

"Sahani gani?"

"Ya yaya. Aliponyanyuka."

Nikafikiri. "Alienda nayo."

"Basi alikula," akasema Mama. "Hata mimi sinia langu sikuliacha."

"Mama, hiyo haitoshi!"

"Nani amesema inatosha?" Alilikata yai katikati kwa kidole gumba, akaninyooshea nusu. "Leta chumvi."

Nikanyanyuka.